Eti tsunami ni ya Wajapani

Jumapili iliyopita kikoba chetu cha hapa Moshi kilikutana kupanga safari ya Desemba. Mwaka huu tumegeuza kibao: badala ya ndugu wa Dar kuja kutujazia nyumba na kutumalizia mbege, sisi ndio tutawashukia. Kosta moja, siku mbili za kula upepo Kigamboni. Ajenda ya kwanza ikawa fulana. Dakika arobaini, sitanii. Rangi ya damu ya mzee au kijani, jina la kikundi kifuani au mgongoni, zenye kola au zisizo na kola. Kuna mama alitishia kutoa hisa zake kwa sababu ya kola.

Tulipofika kwenye mengineyo nikanyoosha mkono. Nikasema kwa kuwa watoto wetu wengi hawajawahi kuiona bahari, tutenge dakika tano njiani tuwaeleze mawili matatu: wasiingie majini bila mtu mzima, wasitembee peku kwenye mawe, na wakiona maji yanakimbia kurudi nyuma ghafla, na wao wakimbie kuelekea nchi kavu, maswali baadaye.

"Yarudi nyuma kwenda wapi?" akauliza mweka hazina.

Nikajibu, tsunami.

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka Majengo. Mwenyekiti alitoa leso akafuta machozi. "Mama, sisi ni watu wa mlima bwana. Tsunami ni ya Wajapani." Tukarudi kwenye kola.

Neno ni la Wajapani, hilo nawaachia: tsu ni bandari, nami ni wimbi. Lakini mwenyekiti wangu umri wake naujua. Mwaka 2004 alikuwa mtu mzima mwenye redio.

Tarehe 26 Desemba mwaka ule mimi nilikuwa Kibosho kwa bibi, namenya ndizi za mtori, mikono imeshakuwa myeusi kwa utomvu. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, wanaume wamezunguka kisusio wanasubiri. Baba mdogo alikuja siku tatu kabla kutoka Dar, sehemu kubwa ya safari amesimama kwenye basi. Redio ilikuwa dirishani. Ilikuwa kama saa nne asubuhi tuliposikia kwamba kumetokea tetemeko kubwa Indonesia, bahari imevamia Sri Lanka na Thailand, watu wamekufa hawajahesabika. Bibi akasema, "Maskini, watoto wa watu," kisha akaniuliza kama nimekuja kumenya ndizi au kusikiliza redio.

Kila nikiikumbuka ile asubuhi napata hasira. Wakati tunasikiliza ile taarifa, wimbi lenyewe lilikuwa bado safarini kuja kwetu. Tetemeko lilitokea karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, pembeni mwa Sumatra, kilomita zipatazo 6,000 kutoka Dar es Salaam. Kufika pwani ya Afrika Mashariki lilichukua kama masaa manane hivi, muda ule ule wa basi la Dar kuja Moshi ukihesabu na kusimama kula njiani. Ua mzima wa watu wenye akili timamu, akiwemo baba mdogo aliyeishi Dar miaka kumi na tano, na hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, si maji hayo hayo yanayofika kwetu? Tuliona ni mambo ya mbali, kama vita ya kwenye taarifa ya habari. Mbali ndiyo ilikuwa nafasi yetu, na sisi tukaila na mtori.

Tanzania tulizika watu kumi au zaidi kidogo, wengi wao waliokuwa wanaogelea, sikukuu ile. Kenya wenye mamlaka walisikia habari zile zile, wakaamuru watu watolewe kwenye fukwe za Mombasa. Wakapoteza mtu mmoja. Somalia karibu 300, na mji wa Hafun ukaumia kuliko yote.

Baba mdogo alikuwa amemwacha kijana wa kulinda duka, na kijana alishaaga kwamba siku ya pili ya Krismasi ataenda kuogelea. Jioni, habari za Dar zilipofika, baba mdogo alipanda mgombani kutafuta mtandao, akawa anapiga kelele kwenye ile simu mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Kumbe kijana alimaliza hela yote usiku wa tarehe 25, akalala kutwa nzima na kichwa kinamgonga. Ufukara umemwokoa. Nyumbani kwetu stori hii huwa inachekesha. Mimi nacheka nusu.

Sasa kuhusu hilo wimbi, maana naona kwenye magrupu watu wanachora ukuta wa maji mrefu kama mnara wa simu unaotembea bahari nzima. Siyo hivyo. Mawimbi tunayoyaona ni ya upepo, yanacheza juu juu, mzamiaji akishuka kidogo tu hayamsumbui. Tsunami ya 2004 ni sakafu ya bahari iliyopasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, mara mbili ya Moshi mpaka Dar, ikainuka na kuyasukuma maji yote yaliyo juu yake, kuanzia chini kabisa hadi juu. Kwenye kina cha kilomita nne, msukumo huo unakimbia kama kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege. Na ukiwa kwenye jahazi katikati ya bahari huoni kitu. Setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi masaa mawili baada ya tetemeko ilipima mwinuko wa sentimita 60 hivi. Kimo cha stuli ya jikoni! Ila hiyo stuli upana wake ni mamia ya kilomita, na chini yake bahari nzima inatembea.

Balaa linaanza maji yanapopungua kina. Fikiria mabasi ya tarehe 23 Desemba yakija Moshi kwa msafara. La mbele limefika kwenye matuta, limekanyaga breki. Ya nyuma bado yanakuja kwa mwendo wa themanini, hayajui kitu. Barabarani yatabanana na makonda watatukanana. Maji yakibanana hayana pa kwenda isipokuwa juu. Mkia unaikuta shingo, stuli inageuka nyumba. Sehemu za Aceh, kaskazini mwa Sumatra, maji yalipanda zaidi ya mita 30. Kwenye kina cha mita kumi mwendo umeshashuka hadi kama kilomita 36 kwa saa, na kuna wanaume wa kikoba chetu watasikia hivyo waseme aa, hapo nakimbia. Kwa kandambili, mchangani, umebeba mtoto na ndoo ya samaki wa kukaanga? Haya.

Nguvu yake nayo watu wanaipima vibaya, kwa sababu maji tunayajua ya mfongo, ule mfereji wa shambani, ya kuchezea. Lile tenki jeusi la lita elfu moja ulilopandisha juu ya mnara nyumbani, likijaa lina tani moja. Ukisimama mbele ya tsunami, matenki kama hayo yanakuja mfululizo, yamefungamana, na hayaishi. Wimbi la kawaida linapiga na kurudi ndani ya sekunde chache. Hili linaendelea kuingia dakika kumi, ishirini, halafu linarudi baharini na kila lilichokibeba, na ule mvuto wa kurudi umeua wengi waliokuwa wameshapona. Tena halibaki maji matupu: ni mabati, magogo, magari, milango. Banda Aceh lilibeba meli ya kuzalisha umeme yenye tani 2,600 likaiweka katikati ya makazi ya watu, zaidi ya kilomita mbili kutoka baharini. Bado ipo pale pale, watu wanaenda kuitembelea.

Na haliji moja. Peraliya, Sri Lanka, wimbi la kwanza lilisimamisha treni. Watu wa kijiji wakakimbilia kwenye mabehewa, wakapanda na watoto wao, maana kweli, nini kizito kuliko treni? La pili likaja kubwa zaidi. Walikufa zaidi ya watu 1,000 kwenye treni ile moja. Huwa nafikiria wale waliowavuta wenzao mkono wapande.

Kinachoniudhi kwa mwenyekiti wangu ni hiki. Anadhani kuwa mtu wa mlima ni kinga, wakati ndiyo hatari yenyewe. Mtoto wa Kigamboni amekulia kwenye kupwa na kujaa. Anajua bamvua, anajua saa ngapi mwamba utaonekana, na maji yakipwa wakati si wake atashtuka kabla ubongo haujamwambia kwa nini. Mtoto wa Kibosho anaona mchanga umetandazwa, samaki wanarukaruka, makombe ya bure, anasema Mungu mkubwa, anakimbilia huko huko. Mimi mwenyewe mara ya kwanza kufika baharini, na shule, niliweka begi langu mchangani mahali pakavu kabisa nikaenda kula. Niliporudi lilikuwa linaelea, na mkate na sare ya kurudia ndani. Mvuvi mmoja alinitazama akauliza, "Wewe mgeni wa wapi, binti?" Sikujua kwamba bahari inajaa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa wa tatu darasani.

Bibi alitusimulia Kibo na Mawenzi mpaka tukamkariri, jinsi Mawenzi alivyokuwa anakwenda kuomba moto mpaka akapigwa mchi na uso ukabaki vile. Bahari hakuna aliyetusimulia. Kule Indonesia kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, karibu kabisa na tetemeko lilipoanzia. Mwaka 1907 bahari iliwahi kuwaua wengi, na tangu hapo bibi zao wanaimba na kuhadithia juu ya kitu wanachokiita smong: ardhi ikitikisika sana na maji yakirudi, acha kila kitu, panda kilimani. Mwaka 2004 walikuwa na kama dakika nane tu upande wa kaskazini. Hawakuwa na king'ora. Kati ya watu wapatao 78,000 walikufa saba.

Saba, kwa dakika nane. Sisi masaa manane na redio dirishani.

Najua mtaniambia wao walitikiswa, tetemeko lenyewe lilikuwa kengele. Kweli, nakubali. Dar hakuna kikombe kilichotikisika, na hilo linazidisha haja ya kujua, halipunguzi. Mtaniambia pia kwamba si lazima bahari irudi kwanza, sehemu nyingi za Sri Lanka maji yalikuja moja kwa moja. Ndiyo, kweli. Na mtaniambia siku hizi kuna mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanapokea taarifa. Nashukuru. Aprili 2012 tetemeko lenye ukubwa wa 8.6 lilipiga karibu na pale pale, onyo likatoka mpaka kwetu, na kwa kuwa miamba iliteleza pembeni badala ya kuinuka, wimbi likawa dogo. Unadhani watu walishukuru? Walisema wataalamu waongo. Onyo kwa mtu anayecheka ni kelele tu.

Halafu kuna msichana wa Kiingereza, Tilly Smith, miaka kumi, mgeni pale kama watoto wetu watakavyokuwa Kigamboni. Alikuwa matembezini Phuket, Thailand, na wazazi, akaona maji yanatoa povu na hayatulii, akakumbuka somo la jiografia la wiki mbili nyuma. Akapiga kelele mpaka ufukwe ukaondolewa watu. Mwalimu wake alitumia kipindi kimoja. Mimi niliomba dakika tano.

Nakiri, jambo lenyewe ni la nadra, na kwetu huku mafuriko na matope vinaua zaidi. Hanang Desemba 2023 tulizika zaidi ya watu 80 kwa tope la mlima. Nakiri kwa shingo upande. Lakini hilo la "watu wa mlima" mwenyekiti angeliacha. Vajont, Italia, 1963, katikati ya milima, upande mzima wa mlima uliporomoka ndani ya bwawa, maji yakaruka ukuta na kuua karibu watu 2,000 bondeni. (Sijasema chochote kuhusu bwawa letu la Nyumba ya Mungu. Msianze kusambaza.)

Jana usiku, saa tano kasoro, mwenyekiti akaniandikia WhatsApp pembeni, siyo kwenye grupu. "Mama, samahani. Hivi hayo maji yakirudi nyuma, pale Kigamboni tunakimbilia wapi?"

Nikafungua ramani. Nikaikuza, nikaipunguza. Sisi tumezoea ukisema kimbia juu, juu ipo, ukitoka nje unaiona. Pale tutakapofikia ni tambarare kama sinia. Nikamjibu: mbali na maji kadiri miguu inavyoweza, au ghorofa imara, ya tatu kwenda juu, na tusishuke baada ya wimbi la kwanza. Nikamwomba pia apige simu aulize kama pale tunapofikia kuna jengo la ghorofa.

Akatuma kidole gumba. Dakika mbili baadaye akauliza kama nimeshalipia fulana.