Ami Alipotengeneza Chumba cha Ndani

Baada ya harusi ya dada yangu hapa Langoni, Lamu, nilibebeshwa kazi ya kukusanya video zote katika diski moja ya nje. Binamu yangu wa Shela hutumia Mac, ami yangu hutumia Windows, nami natumia Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Nilianza na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, ambao kompyuta zote tatu huujua, lakini ukaikataa video ya nikaha kwa sababu haupokei faili inayofikia GB 4, na nikaha yetu, pamoja na hotuba, ilifika 11.

Ndipo nikajiona fundi, nikaigawa diski kama nyumba ya mawe, tangu ukumbi wa mlangoni hadi chumba cha ndani kabisa. Sehemu ya kwanza niliiita Daka, nikaipa exFAT, ili kila mgeni asome na kuandika. Ya pili niliiita Msana, ikawa NTFS kwa ajili ya Ami. Mac huweza kuisoma lakini haiandiki humo, mfano wa mgeni aliyeonyeshwa sinia asinawishwe mikono. Ya tatu ilikuwa Ndani, kwa mfumo wa ext4 wa Ubuntu yangu, na humo nilihifadhi video ya kupamba, sherehe ya wanawake peke yao, ambayo Shangazi alinikabidhi katika kadi iliyofungwa ndani ya leso, baada ya kuniapisha kwamba sitaifungua. Kwa kuwa Windows na Mac hazisomi ext4 zenyewe, niliamini kwamba hakuna mwanamume atakayewaona wanawake wetu wakicheza. Kadi ikarudi kwa mpiga picha, ambaye alikuwa na harusi nyingine Ijumaa hiyo, akaifuta.

Ami akaazima diski ili aitazame nikaha. Kwanza alinipigia simu kunijulisha kwamba nimepunjwa, kwani niliuziwa GB 1,000 na Windows ilikuwa imehesabu 931 tu. Nilimweleza kwamba muuzaji huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024, lakini Ami ameuza boriti maisha yake yote, na kwake korija ni 20, haiwi 19 kwa sababu ya hesabu ya mtu.

Simu ya pili ndiyo iliyoniinua kitini. Windows ilikuwa imefika kwenye Ndani, ikashindwa kuisoma, na badala ya kukiri kwamba haielewi, ikamwambia Ami kwamba lazima diski iumbizwe, yaani ipangwe upya, kabla ya kutumika. Ami hajazoea kuacha ombi la adabu bila jibu, akakubali. Ikamwonya kwamba vyote vitafutika, akakubali tena.

"Mwanangu," akaniambia kwa furaha, "kile chumba chako kibovu nimekitengeneza."

Nilikwenda mbio, nikawapita punda wawili kwenye kichochoro kisichowatosha, nikaichomoa diski ili kisiandikwe kitu juu ya vilivyokuwamo. Uumbizaji wa haraka hufuta daftari la kumbukumbu, si mali yenyewe, kwa hiyo niliendesha PhotoRec, programu inayotambua faili kwa jinsi zinavyoanza, nikaelekeza inachookoa kwenye diski nyingine. Usiku kucha ikaokoa mamia ya faili, zote zikiwa zimepoteza majina na kupewa namba, video ya kupamba ikiwa imechanganyika na majahazi na punda niliowapiga picha kwa miaka mitatu. Kuitafuta kulihitaji kuzifungua, na mimi nimeapa.

Basi Shangazi akaketi mbele ya kompyuta chumbani, nami nikakaa ngazini, nyuma ya pazia, nikimwelekeza kwa sauti.

"Bonyeza mara mbili, Shangazi."

"Punda."

"Inayofuata."

"Punda. Wewe mtoto una nini na punda?"

Karibu na adhuhuri vugo, ile pembe ya ngoma za wanawake, likalia kwa nguvu hadi barazani, wazee wakanyamaza. Shangazi akacheka peke yake kwa dakika nyingi, kisha akakataa katakata kunitajia namba ya faili hiyo, sembuse kuniruhusu niibadilishe jina. Ameiandika kwenye karatasi, na karatasi iko katika kidaka cha juu, nyuma ya sahani za kale, mahali ambapo Ami hafiki bila ngazi.