Soya yangu itabaki franga 500

Kila anayeonja soya yangu ya kukaanga hunipa sifa, halafu hunipa shauri. Sifa nazipokea. Shauri ni lile lile: weka kwenye boksi zuri, andika Kifaransa, peleka maduka makubwa ya mjini, uza dola mbili kwa wenye magari. Nimelisikia kwa shemeji yangu, kwa mkufunzi wa semina ya wajasiriamali, na kwa mama mmoja wa kwaya ambaye nina hakika ananitakia mema. Nililifuata miezi minne. Sasa nimeliacha kabisa, na nataka kueleza kwa nini, maana hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, naona wamama wengi wenye mikono mizuri wakipotezwa na shauri hilo hilo.

Mambo yalianza na mwanangu wa pili. Alikuwa darasa la tatu, anasomea Kadutu, mtaa wa hapa mjini, na kila asubuhi nilimpa franga 500 anunue kitu wakati wa mapumziko. Akirudi saa saba amenuna, kichwa kinamuuma, ulimi una rangi nyekundu au ya kijani. Siku moja nikaenda mpaka langoni kuona franga zake zinaishia wapi. Ni bomboni (peremende), biskuti, na unga wa juisi ambao watoto wanaulamba mkavu kwenye kiganja. Kijana wa mayai ya kuchemsha alikuwepo na sinia lake kichwani, lakini yai lilishinda mfuko wa watoto wengi.

Nyumbani soya haikosekani, kwa sababu nasaga masoso ya uji, ule mchanganyiko wetu wa mahindi, soya na mtama. Nikachukua vikombe viwili vya soya, nikakaanga na karanga, nikatia chumvi, tangawizi na pilipili kidogo sana, nikamfungia kwenye karatasi. Siku ya tatu akaniomba nimfungie na za rafiki zake wanne. Wiki iliyofuata rafiki hao walikuja na franga zao.

Niseme kidogo juu ya kukaanga, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaharibu. Soya mbichi si chakula. Ina vitu vinavyozuia tumbo kuvunja protini, na kinachoviondoa ni moto wa kutosha. Mtu akiikaanga haraka haraka kwenye mbabula, jiko la makaa, iliyowaka sana, nje inaungua, ndani inabaki mbichi, mtoto anaumwa tumbo, na jina la soya linachafuka mtaa mzima. Mimi naichambua, naiosha, nailoweka usiku kucha, naianika mpaka ganda likauke, kisha naikaanga kwa moto mdogo karibu dakika 40 na mwiko hausimami. Nasikiliza. Punje zikianza kupasuka kama manyunyu juu ya bati, natoa moja, naikata kwa meno. Ikikatika kwa mlio na katikati isiwe na ladha ya majani, imeiva. Karanga nakaanga peke yake, kwa sababu zinawahi. Nachanganya vyote vikiwa vimepoa kabisa, kwani ukifungia vya moto jasho linabaki ndani ya kifuko, na kwa mvua zetu za Septemba mpaka Mei ukungu hauna haja ya kualikwa mara mbili.

Na karanga, wapendwa, zichambueni kwa mkono, moja moja. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyo na unga wa kijani, tupa. Ukungu wa karanga unatoa sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini na kuleta kansa yake polepole, na kukaanga hakuimalizi. Kwenye kilo mbili natupa karibu robo kilo. Inaniuma kila mara, kwa sababu ni pesa, lakini siwezi kumwambia mzazi kwamba namuuzia chakula cha afya huku nimeokoa hesabu yangu kwa sumu.

Kilichonipa taabu zaidi mwanzoni si bei. Ni aibu. Mama mmoja alishika kifuko changu, akakigeuza, akauliza: "Mama, hii si chakula ya batoto ya bwaki?" Wa hapa mnaelewa. Bwaki ni ule ugonjwa wa mtoto kuvimba miguu na uso, nywele kubadilika rangi, kwa kukosa chakula kinachojenga mwili. Umetesa Bushi, nchi ya Washi hapa kwetu, vizazi kwa vizazi. Kule Lwiro, ambako Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1947, hospitali ya watoto imewatibu wengi sana. Kwa miaka mingi soya iliingia nyumba zetu kwa mlango huo, kama dawa ya vituo vya lishe, unga unaopewa mama ambaye mtoto wake ameshaharibika. Basi kununua soya kukawa kama kukiri kwamba nyumbani kuna njaa.

Nafikiri hilo ndilo jambo la kuvunja, na semina hazivunji. Kilo moja ya soya kavu ina gramu 360 hivi za protini. Kilo ya mahindi haifiki 100, na unga wa muhogo, ambao ndio bugali wa kila siku katika nyumba nyingi, ni kama hauna kitu. Watoto wetu wanashiba bila kulishwa. Soya ikiuzwa langoni pa shule, inalia mdomoni, ina pilipili, mtoto anainunua mwenyewe kwa franga yake mbele ya wenzake, hapo inaacha kuwa dawa. Inakuwa kitu cha kutamaniwa. Mama yule sikumjibu kwa hotuba. Nilimmiminia kiganjani, akala, akauliza bei.

Sasa hesabu. Miezi minane ya kwanza niliamini napata faida, kwa sababu kila jioni mkobani mlikuwa na pesa. Nilikuwa napima kwa kijiko, vijiko vinne kwa kifuko. Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, ambaye anauza maharage sokoni, alinijia siku moja na mizani yake ndogo, akapima vifuko kumi bila kuniuliza. Kimoja gramu 55, kingine 68. Kwa wastani 60. Akaniambia nikae chini tuandike.

Soya kilo nne, franga 12,000. Karanga kilo mbili, 10,000. Makala, yaani makaa ya kupikia, 3,000. Chumvi, tangawizi na pilipili 1,000. Vifuko na karatasi za jina 4,000. Jumla 30,000. Baada ya kuchambua na kukaanga zinabaki kama kilo tano na nusu, yaani vifuko 91. Wauzaji wangu wa langoni walinilipa 400 kwa kila kimoja cha 500, ile 100 ni yao, kwa hiyo nilipokea 36,400. Franga 6,400 kwa siku moja na nusu ya kusimama mbele ya moto, na binti yangu akinisaidia bila malipo. Yaya hakusema neno, alinisukumia daftari tu.

Mbele yangu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kupandisha bei mpaka 700. Ya pili, kuanza na ile noti ya 500 iliyo mkononi mwa mtoto na kurudi nyuma mpaka kwenye gunia. Nilichagua ya pili, na hiyo ndiyo biashara yenyewe kwa maoni yangu. Bei ya chakula cha mtoto wa shule haipangwi na mimi. Imeshapangwa na bomboni. Ninachopanga mimi ni uzito, moto na siku ya kununua soya.

Kifuko kikawa gramu 40, kila kimoja kimepitia mizani. Vinatoka 137, napokea 54,800. Nikitoa 30,000 na franga 10,000 za binti yangu, ambaye sasa namlipa kama mtu baki, inabaki 14,800. Kuna watakaosema nimewapunja watoto gramu 20. Nimelifikiria sana hilo. Lakini ile gramu 60 ilikuwa imebakiza miezi michache kabla ya kunifilisi, na siku ningefunga, langoni pangebaki bomboni.

Ile miezi minne ya boksi za dola mbili ilikuja kati ya hapo. Boksi tupu lilinigharimu franga 900, zaidi ya kilichomo ndani. Duka moja kubwa lilikubali kupokea boksi 40 kwa masharti kwamba nitalipwa zikiuzwa. Baada ya miezi miwili nikaitwa nichukue zangu: zimebaki 31. Nilifungua moja pale pale mlangoni na harufu ikanijibu. Soya na karanga zina mafuta mengi, na mafuta yakikaa kwenye joto la rafu karibu na dirisha yanachacha. Langoni pa shule kifuko changu hakimalizi siku tatu. Mtoto anakula kitu kipya kuliko tajiri. Na hizo 31 sikuzichanganya na za wiki ile ingawa nilishawishika. Nilizipeleka kwa jirani mwenye nguruwe.

Kuhusu mtaji, nimekopa kwenye muso yetu tu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana pesa. Tuko wanawake 22, tunakutana Jumapili baada ya ibada, na kasa (sanduku la pesa) ya kijani ndiyo ya mikopo. Tangu mwanzoni mwa 2025, benki zilipofunga milango hapa mjini, kasa hii imekuwa mhimili wetu. Lakini deni la muso lina wakati wake. Mara ya kwanza nilikopa mwezi wa tano, soya imeadimika, bei imepanda, nikajikuta namlipa mwenye ghala badala ya kujilipa. Soya ya Walungu na Kabare, vijijini karibu na mji, inashuka bei mavuno yakitoka, baada ya msimu wa kwanza kuanzia Januari, na tena kuanzia Juni. Kopa hapo, nunua gunia zima, likaushe tena mwenyewe, liweke juu ya mbao mbali na ukuta. Nimeona tofauti kubwa kwa jambo hili dogo kuliko kwa karatasi zote za jina nilizochapisha.

Noti zinasumbua, sitaficha. Zile za 500 zimechakaa, nyingine zimeshikwa na gundi, na wauza jumla wanazikataa. Mimi nimewaambia wauzaji wangu wasimrudishe mtoto kwa sababu ya noti iliyochanika pembeni. Tunazipeleka kwenye muso, tunapeana wenyewe kwa wenyewe.

Jambo moja bado halijakaa sawa moyoni mwangu, nalo ni kifuko. Tangu mwisho wa 2017 serikali ina amri ya kukataza mifuko ya plastiki, na kila mtu wa Bukavu anajua plastiki zetu zinaishia wapi: mvua inazikokota mpaka ziwani, zinaelea mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, zinaziba mitambo, na umeme unakatika. Nikiwa gizani nafunga midomo ya vifuko kwa mwali wa mshumaa, najua mimi pia nimo katika giza hilo. Nilijaribu karatasi. Inanyonya mafuta, na soya inalainika siku ya pili. Kwa sasa mtoto akimrudishia muuzaji vifuko kumi vitupu anapewa kimoja kilichojaa. Vinarudi karibu nusu, sivitumii tena kwa chakula, nampa fundi mmoja anayejazia mito. Nusu nyingine bado inakwenda na maji. Mwenye kujua kifuko cha mkonge, cha majani ya migomba, cha chochote kinachozuia hewa na hakizidi franga 30, namwomba sana anitafute.

Mwezi wa saba, soya ya Walungu ikishuka, nataka magunia mawili. Nimekwisha kuliweka ombi langu kwenye kasa. Wamama wawili wa Panzi wamesema watakuja kujifunza kukaanga ili wauze kwenye shule za kwao, kwa bei ile ile. Nimewaambia waje mapema, kabla soya haijatoka majini, na kila mmoja aje na mizani yake.