Uso mweusi kwenye bamba la shaba: mistari au unga?

Mwaka 1628 Rembrandt alichonga kwa asidi uso wa bibi mzee, anayedhaniwa kuwa mama yake, kwenye bamba lisilofika sentimita 7 kila upande. Katika ufundi huu bamba hupakwa nta, sindano huichana nta, asidi hula palipochanwa, na mitaro hiyo hushika wino unaochapwa kwenye karatasi. Kwa Rembrandt karatasi yenyewe ndiyo ngozi. Mistari ni mikunjo na vivuli tu. Msanii wa Kampala anayemchora mwanamke mweusi aliyevaa gomesi, vazi la kike la Uganda, hawezi kuichukua njia hiyo nzima nzima. Kwake karatasi ni mng'ao wa paji la uso na wa mfupa wa shavu. Kwingine kote kunadai wino.

Wanaotetea mistari wana hoja nzito: mstari hufuata umbo, ukizunguka shavu nalo linaonekana kuviringika. Kinachoharibu ni pupa. Mtu anautaka weusi upesi, anabananisha mistari kwa sindano, kisha analisahau bamba ndani ya asidi. Asidi hula pembeni kama inavyokula chini. Kuta nyembamba kati ya mistari zinabomoka, shavu linakuwa shimo pana lenye sakafu laini, na kitambaa cha kufutia kinauzoa wino wote humo. Ulipotaka weusi kuliko pote panatoka doa la kijivu.

Wengine hunyunyiza unga wa utomvu wa msonobari na kulipasha bamba moto kwa chini mpaka chembe zishike, kisha asidi hula kati ya chembe. Weusi wake ni laini kama mahameli, na kwa ngozi yetu unapendeza mno. Ila moto ukizidi chembe huungana na asidi haipenyi, ukipungua, zinabanduka. Tena uso uliotegemea unga peke yake huwa bapa, pua haina ubavu.

Mistari itangulie, nasema, tena iachane. Acha asidi ilile bamba kidogo, litoe, funika mng'ao kwa vanishi ili asidi isiufikie, lirudishe. Weusi uongezwe kwa mistari ya mshazari baada ya kupaka nta upya. Unga uje mwisho, shingoni na chini ya kidevu, usifike machoni.

Chapa hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo mchoro uhamishiwe kwenye bamba ukiwa umegeuzwa. Vifungo viwili vya gomesi hukaa upande wa kushoto wa mvaaji. Vikitokea kulia, Mganda ataviona kabla hajauona uso.