Adui Mmoja Hatoshi?

Kinachonikera kwenye filamu za mashujaa ni huu ulafi wa sehemu ya pili na ya tatu: adui mmoja hatoshi, lazima warundikwe. Chukua Spider-Man 3 ya mwaka 2007. Sandman, yule mhalifu aliyegeuka mchanga, peke yake angetosha kabisa! Pale anapojikusanya kutoka kwenye mchanga, anajaribu kuokota kidani chenye picha ya bintiye, mkono unamomonyoka. Halisemwi hata neno moja, na tayari unamhurumia. Utamu wenyewe ndio huo.

Halafu wanamleta Venom, adui mwingine, filamu ikielekea ukingoni. Hata hatujamzoea, keshakufa. Harry naye, rafiki wa Spider-Man anayeamini kuwa ndiye aliyemuua baba yake, anagonga kichwa, anasahau kila kitu, kisha anakumbuka hadithi inapomhitaji (rahisi hivyo!). Lakini wa kunitoa roho ni yule mtumishi wa nyumbani kwa kina Harry. Alisafisha kidonda cha marehemu baba yake Harry, akajua silaha iliyomuua ilikuwa ya marehemu mwenyewe, akanyamaza miaka yote huku kijana wa watu akiungua kwa kisasi. Ndiyo kwanza anafungua mdomo mwishoni kabisa. Mzee, ulikuwa unasubiri nini?