Mguu wa kuku mdogo usikudanganye

Wiki iliyopita rafiki yangu, mfanyabiashara wa mchele hapa Mwanjelwa, Mbeya, alinipigia simu. Leseni yake ya silaha imetoka, sasa anatafuta bastola, yaani mguu wa kuku, ya kwenda nayo Kyela kulipa wakulima. "Kaka, nataka ile ndogo kabisa. Nikivaa shati tu, mtu asijue."

Nikamwambia atulie. Mimi mwenyewe nilianza na hiyo ndogo kabisa, na niliijutia.

Bastola nyepesi inapiga teke. Risasi ni ile ile ya milimita 9, na baruti ile ile, ila chuma cha kuumeza mshindo kimepunguzwa. Kinachobaki unakipokea wewe kiganjani. Mpini nao mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, kwa hiyo risasi ya pili inakwenda inakotaka yenyewe. Alama za kulengea zimekaribiana mno: ukipotoka unywele mmoja hapa, kule umekosa kabisa.

Na unachookoa ni nini? Glock 43, ile ndogo iliyotoka 2015, inabeba risasi 6 kwenye magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Glock 19, ya wastani, ya tangu 1988, inabeba 15, na unene wao haupishani hata sentimita moja. (SIG P365 ya 2018 ndiyo iliyonilegeza kidogo: umbo dogo, risasi 10. Lakini teke liko pale pale.)

Halafu jamani, hapa ni Mbeya. Mwezi wa saba nani anatembea Uyole bila jaketi? Chini ya jaketi hata bastola ya wastani haionekani. Kyela sawa, kule joto linalibandika shati mgongoni, nakubali.

Ila jaketi lenyewe lina balaa lake: ile kamba ya kukazia kiunoni. Glock haina kufuli ya pembeni ya kufunga kwa kidole gumba. Ulinzi wake wa nje uko kwenye triga yenyewe. Ukiirudisha bastola kiunoni huku kamba imeingia kwenye triga, paja lako ndilo litakalojibu. Ndiyo maana nasema afadhali ubane bei ya bastola ununue ala ngumu, yaani mfuko wa kuvalia bastola, inayofunika triga yote. Ala za kitambaa laini sizitaki hata kuziona. Na unaporudisha, polepole, jaketi limepanuliwa pembeni, macho yanatazama. Hakuna anayekukimbiza.

Jambo la chemba silirudii sana, ingawa kila mwaka nakutana na mtu mzima asiyelijua: kuchomoa magazini hakutoi risasi iliyokwisha kuingia chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa. Vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, chungulia, ingiza na kidole.

Rafiki yangu alisikiliza yote, kisha akauliza, "Sasa kaka, ninunue ipi?"

Nikamuuliza wakulima wa Kyela siku hizi anawalipaje.

"Kwa simu."

Akakaa kimya kidogo, akasema atanipigia baadaye. Hajapiga.