Tusimpe Nyigu wa Buibui Jina Tusilolijua

Binamu yangu wa Kibosho amenitumia picha aliyoipiga chini ya migomba: nyigu mweusi, mabawa rangi ya kutu, anaburuta buibui kinyumenyume. "Kaka, spishi gani huyu?" Nikamjibu kuwa ni wa familia ya Pompilidae, huenda jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Hemipepsis. Hakuridhika. Programu ya simu ilikuwa imeshampa jina kamili.

Jina hilo silikubali. Mwili mweusi na mabawa ya kutu ni sare ya spishi nyingi Afrika, tena za jenasi tofauti. Nyigu hawa wanauma vibaya mno, na ndege akishaonja uchungu wa mmoja huwaogopa wote wenye rangi ile. Sare inawalinda wao, inatupoteza sisi.

Kinachowatenganisha ni vitu vidogo: vishipa vya mabawa vinakutana wapi, ukucha una jino au umegawanyika, miiba ya mguu wa nyuma imepangwaje. Kwa madume wengi hakuna njia ila kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini. Hata jinsia inataka subira: papasi (zile nyuzi mbili za kugusia kichwani) za jike zina pingili 12, za dume 13. Picha ya kutoka juu, mtu amesimama, haionyeshi hata kimoja kati ya hivyo.

Basi inama. Piga picha ubavuni, piga ya bawa, na buibui naye aonekane vizuri, maana windo ni ushahidi. (Usimnyang'anye: buibui yule hajafa, amepoozwa tu, na nyigu atataga yai moja juu yake.) Ukimkuta nyigu amekufa dirishani, usimfagie. Mchome pini kifuani, kulia kidogo, upande wa kushoto ubaki mzima. Kisha andika kwenye kikaratasi kijiji, kimo cha mahali, tarehe na jina lako. Bila kikaratasi hicho, yule ni mdudu mkavu tu.

Mwaka 1905 na 1906 Yngve Sjöstedt, Mswidi, alikusanya wadudu wengi sana Kilimanjaro na Meru, wakasafirishwa kwao. Inaniuma kwamba zaidi ya karne moja baadaye mtu wa Moshi bado hutazama mbali kutafuta mfano wa kulinganishia mdudu wa shambani kwake.

Jana binamu amepiga simu: amemwokota mmoja kwenye mtaro, mzima kasoro papasi moja. Amemweka kwenye kiberiti. Jumamosi napanda Kibosho na pini.