Mawe ya Lisbon: kosa ni la jiwe au la anayelipanga?

Ukifika uwanja wa Rossio, katikati ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, unalakiwa na mawimbi chini ya miguu yako. Ni mawe madogo meupe na meusi yaliyopangwa kwa mkono hadi uwanja ukafanana na bahari inayoyumba. Wareno mchoro huo wanauita Mar Largo, yaani bahari kuu. Ulitandazwa miaka ya 1848 na 1849, kisha ukavuka Atlantiki: mawimbi ya ufukwe wa Copacabana, kule Rio de Janeiro, ni uzao wake. Hata Maputo, kwa jirani zetu wa kusini, utakanyaga mawe ya namna hiyo kando ya barabara.

Uzuri wake hauna ubishi. Ubishi uko Lisbon kwenyewe, hasa tangu mwaka 2014, halmashauri ya jiji ilipopitisha mpango wa kuwarahisishia njia waenda kwa miguu, ambao uliruhusu mawe hayo kuondolewa katika baadhi ya mitaa. Wapenzi wa mawe wakaja juu. Wenye miguu dhaifu wakasema, afadhali.

Nianze na hao wa pili, maana wapenda sanaa huwa na haraka ya kuwapita. Lisbon ni jiji la vilima, na lina wazee wengi. Jiwe la chokaa likisuguliwa na soli za viatu miaka nenda miaka rudi hulainika na kung'aa. Mvua ikinyesha, mteremko unateleza kama umepakwa sabuni. Jiwe moja likichomoka, la pembeni nalo linalegea, na baada ya muda pana shimo. Hapo kiti cha magurudumu kinakwama, na asiyeona, anayepapasa njia kwa fimbo, anapoteza mwelekeo. Bibi aliyevunjika nyonga humwambii kwamba ameteleza juu ya urithi wa taifa. Ni kumkosea adabu.

Lakini mtazame fundi akiwa kazini. Ameketi kwenye kigoda kifupi, jiwe liko kwenye kiganja cha kushoto, nyundo mkono wa kulia. Analigonga, analigeuza, analigonga tena, linapata uso unaoingia pale pale palipobaki wazi. Mchoro unaongozwa na kiolezo kilicholazwa juu ya tandiko la mchanga au vumbi la mawe. Mawe hayashikwi na gundi. Yanashikana kwa kubanana. Yakishajaa, nyufa zinazibwa kwa vumbi, yanamwagiwa maji, yanashindiliwa. Kwa hiyo mvua hupenya ikaingia ardhini, na bomba likipasuka chini, mawe yanang'olewa, bomba linatengenezwa, mawe yale yale yanarudi mahali pake. Zege haliwezi hilo.

Hapa ndipo ninapoona mjadala unapotea njia. Sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa jiwe zinamhusu aliyelipanga, au aliyeegesha gari juu yake. Mtaro unachimbwa kupitisha nyaya, kisha kibarua asiyefundishwa anarudisha mawe yakiwa yameachana, na nyufa pana anazijaza mchanga. Mvua chache tu, yameshatawanyika. Jiji lilianzisha shule ya mafundi hawa mwaka 1986, lakini kuinama juani kutwa kwa ujira mdogo hakuwavuti vijana. Zamani walihesabika kwa mamia. Leo walioajiriwa na jiji ni wachache mno. Na tukumbuke kazi yenyewe ilivyoanza: mwaka 1842, katika ngome ya São Jorge, kamanda Eusébio Furtado aliwatumia wafungwa kutandaza mawe kwa mchoro wa zigizaga. Kazi iliyoanza kwa mikono isiyolipwa, karibu karne mbili baadaye bado inatafuta malipo yanayoilingana.

Hata hivyo sikubali kwamba ufundi unaponya kila kitu. Kwenye mteremko mkali jiwe laini litateleza hata lipangwe na bingwa. Mahali kama hapo, hasa penye mawe meupe matupu yasiyo na mchoro, ningeondoa bila majuto nikaweka jiwe lenye uso wa kukwaruza. Viwanja na barabara tambarare zenye michoro nisingeziruhusu ziguswe. Hofu yangu ni moja: ruhusa ya mteremko ikishatolewa, bajeti huteremka nayo hadi tambarare, kwa sababu zege ni rahisi kumwaga.

Mwaka 2015, mtaani Alfama, msanii Vhils alibuni sura ya mwimbaji Amália Rodrigues kwa mawe hayo hayo, yakitoka chini na kupanda ukutani, ili mvua ikinyesha maji yamtiririke usoni kama machozi. Waliolipanga jiwe moja moja ni mafundi wa jiji. Ningependa halmashauri iseme ni nani inamfundisha leo, ili jiwe la shavu lile likidondoka awepo wa kulirudisha.